Joto la Ghalani na Matundu Niliyoyaziba

Ninyi mnaolala hosteli, na ninyi akina dada mnaoanza kazi ya umatroni, mkiingia kwenye chumba cha kulala wanafunzi msianze kutazama vitanda. Tazameni juu, karibu na bati, kisha tazameni chini, karibu na sakafu. Tafuteni matundu ya hewa. Mkiyaona, pandeni kwenye kiti mtie mkono, mjue kama hewa inapita au kuna mtu ameyaziba. Mimi niliyaziba kwa mikono yangu hii miwili, na mtoto mmoja aliyeitwa Subilaga hakuamka.

Nimelisema mapema ili asiwepo wa kusema nimelificha. Waliotaka kuficha wapo, na nitawataja. Shule siitaji, maana watoto wanaosoma pale leo hawana kosa. Ni shule ya kata, huku bondeni upande wa Mwaya, na hosteli yake ya wasichana ilikuwa kwenye jengo la kupanga.

Niliifanya kazi ile miaka kumi na saba. Elimu yangu ni darasa la saba. Nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa mjane, na kwa sababu mkono wangu haukuwa mwepesi wa fimbo. Hakuna chuo kilichonifundisha umatroni. Alinifundisha Mama Sekela, aliyekuwa matroni wa zamani wa shule ya misheni, mwanamke mfupi, mkali, anayenusa chumba kabla ya kuingia kama mtu anayenusa chungu cha maharage.

Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe kazi yako ni usingizi. Mwalimu kazi yake ni ubao. Wasipolala kwako, kule wanakaa bure."

Alinionyesha namna ya kutumia salamu. Kwetu asubuhi tunaulizana kama mtu amelala: ugonile, ukimsalimia mmoja, na mugonile, wakiwa wengi au ni mkubwa. Mama Sekela alikuwa anapita kitanda kwa kitanda akimsalimia kila mtoto, na anasubiri jibu. Aliyelala vizuri hujibu haraka. Aliyepata joto hujibu kwa hasira. Aliyepata baridi hujibu akiwa ndani ya shuka. Asiyejibu, unamfunua. Mimi nilifanya hivyo kila asubuhi, mpaka watoto wakawa wananiigiza sauti nikigeuka.

Kyela hapa adui mkubwa ni joto. Wenzetu wa Tukuyu kule juu wanalia baridi, sisi miezi ya Oktoba na Novemba tunalala kama tuko ndani ya sufuria. Na ndiyo miezi ya mtihani wa kidato cha nne. Bweni letu lilikuwa bati tupu, halina dari. Jua linapiga mchana kutwa, na saa mbili usiku bati bado linashusha moto. Msichana wa kitanda cha juu ukimgusa mgongo, ni kama umegusa samaki.

Kosa langu la kwanza nililifanya mwaka uleule wa kwanza. Niliwahurumia, nikamwaga ndoo sita za maji sakafuni jioni ili chumba kipoe. Nikafunga mlango mbu wasiingie. Asubuhi watoto wametoka vipele, shuka zimelowa, na magodoro yananuka. Mama Sekela alikuja, akasimama mlangoni, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Umewapika, mwanangu. Ungeweka na chumvi."

Huku kwetu hewa yenyewe tayari ina maji. Ukiongeza maji unaongeza mvuke. Alinifundisha kufungua madirisha yote jua likianza kushuka, kusogeza vitanda mbali na ukuta wa magharibi kwa sababu ukuta huo hula jua la mchana na kulitapika usiku, na kuwaambia watoto waoshe miguu na mikono hadi kwenye kiwiko bila kujifuta. Mchana tulikuwa tunatandaza majani ya migomba juu ya bati. Hayakuonekana vizuri, na Mwalimu Kibona, mkuu wa shule, aliniambia nimegeuza hosteli kuwa banda la ng'ombe. Lakini watoto walilala.

Baridi nayo ipo, msidanganywe na wageni. Mvua za masika zikikaza na mito ikafurika, halafu upepo ukashuka kutoka milimani juu ya Matema, mtoto aliyezoea joto la Kyela anatetemeka kuliko mtu wa Makete. Mama Sekela alikuwa na sheria zake. Usimshike paji la uso, litakudanganya, mshike nyayo. Baridi inatoka chini ya godoro, kwa hiyo tandika mabua makavu ya mpunga chini yake. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama wanalia. Na mwisho alikuwa anasema, kila mwaka, mpaka nikawa namwitikia kabla hajamaliza:

"Mwongezee nguo. Usimpunguzie hewa."

Niliitikia miaka mingi. Mama Sekela alipofariki nilidhani nimebaki nayo kichwani.

Sasa niwaeleze jengo. Lilikuwa la Mzee Ezekia, mwenyekiti wa kamati ya hosteli, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mtu mmoja, kofia mbili, na hakuna aliyeona tatizo. Alikuwa mfanyabiashara wa kokoa. Jengo lilikuwa ghala, limeinuliwa ngazi mbili juu kwa sababu ya mafuriko, na pembeni yake kulikuwa na banda refu la kuanikia lenye sakafu ya chini. Lile banda lilijengewa ukuta, likawekwa mlango mmoja, madirisha manne na matundu ya hewa juu karibu na bati, likaitwa bweni. Ghala likabaki la kuvundikia kokoa. Katikati yetu ukuta mmoja tu wa matofali.

Kwa asiyejua kokoa: ukitoboa tunda unatoa mbegu zenye utelezi mweupe, unazijaza kwenye masanduku ya mbao, unafunika kwa majani ya migomba, unaziacha siku tano au sita huku ukizigeuza. Zinachemka zenyewe bila moto. Ukitia mkono katikati ya sanduku unautoa haraka. Harufu yake ni ya siki na pombe. Ule ukuta wetu ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe, na wakati wa mvua wasichana waligombania vitanda vya upande ule.

"Tunalala kiwanda cha chokoleti," alisema Neema, aliyekuwa kiranja wa bweni.

"Mimi chokoleti sijawahi kuila," mwingine akamjibu.

"Basi inuse, ulale."

Aliyekuwa anageuza kokoa ghalani ni kijana mmoja, Ipyana. Huyu alinionya mara mbili, na kwa haki yake naliandika hapa. Mara ya kwanza aliniambia, "Matroni, mle ndani nikiinama kuokota kitu chini, kichwa kinagonga. Nikisimama kinaacha." Nikamwambia apunguze pombe ya ulanzi. Akacheka, nami nikacheka.

Mara ya pili ilikuwa kuku. Kuku wangu mwekundu aliingia ghalani, akatafuta joto, akataga chini ya sanduku na kuatamia. Siku mbili baadaye Ipyana akamleta amekufa, hana jeraha, mayai yake mazima. Mzee Ezekia akasema ni kideri. Nikasema kideri hakiui kuku mmoja kikawaacha tisa. Akasema basi ni nyoka. Ipyana alimla yule kuku, na kesho yake nikamuuliza kama ameshakufa. Tuliufanya mzaha wiki nzima. Leo nikikumbuka mzaha ule natamani kumpiga yule mwanamke niliyekuwa.

Subilaga aliletwa na mama yake kutoka Matema, mwanzo wa kidato cha tatu. Mama yake ni Mkisi, mfinyanzi wa vyungu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa udongo. Alikuja na godoro kichwani na chungu kidogo cha zawadi kwangu. Mtoto mwenyewe mrefu, mkimya, anapenda hesabu.

"Matroni," mama yake aliniambia, "huyu ni kifua. Baridi ikimwingia anakohoa mwezi. Mambo ya shule siyajui, ila hilo nakuomba. Usimwache akapata baridi."

"Mama, mimi hapa siachi mtoto kupata baridi."

"Ndaga," akasema. Akashukuru tena mara mbili, akaondoka kuwahi gari.

Mwaka uliofuata, Subilaga yuko kidato cha nne, masika yalikuwa mabaya. Maji yaliingia bwenini usiku mmoja mpaka kwenye magoti. Magodoro ya vitanda vya chini yote yalilowa. Shuka zikakataa kukauka, jua hakuna. Watoto walilala wawili wawili juu ya mbao na viroba, wakikohoa usiku kucha, na asubuhi mugonile yangu ilijibiwa na meno yanayogongana. Mtihani wa majaribio ulikuwa wiki mbili mbele.

Nilikwenda kwa Mwalimu Kibona kuomba blanketi. Alikuwa anakunywa chai.

"Matroni, watoto wako wanasinzia darasani," akaniambia kabla sijakaa.

"Hawalali, mwalimu. Wana baridi. Naomba blanketi na magodoro makavu."

"Blanketi Kyela? Nikaandike barua kwa wakubwa kwamba Kyela kuna baridi? Watanicheka. Ongea na mwenyekiti, jengo ni lake."

Nikaenda kwa mwenyekiti. Mzee Ezekia alinisikiliza amesimama ghalani, mkono wake umeegemea sanduku.

"Blanketi za nini, mama, wakati joto la bure liko hapa?" Akapiga ukuta kwa kiganja. "Tunatoa matofali manne chini pale, joto linaingia kwenu. Hakuna moto, hakuna moshi. Ulaya wanafanya hivyohivyo, joto linatoka ukutani."

Nilimuuliza kama hakuna ubaya. Alisema, "Kokoa ni chakula. Umeona wapi chakula kikaua mtu?"

Na mimi, mtu niliyekataza jiko la mkaa miaka kumi na saba, niliona ni akili. Joto bila moto. Sikuona moshi, kwa hiyo sikuona hatari. Mtu wa mjini asingefanya kosa hili, angeogopa ile harufu. Sisi tumezaliwa na harufu ya kokoa puani.

Ipyana ndiye aliyetumwa kutoa matofali. Aliyatoa mstari wa chini kabisa, kwenye usawa wa sakafu ya ghala. Kwa sababu sakafu yao ilikuwa juu ya yetu, tundu lilitokea bwenini kwenye usawa wa kitanda cha chini. Hewa iliingia ya uvuguvugu, nzuri, yenye utamu wa siki. Wasichana walipiga vigelegele.

Madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa ajili ya mvua, ila joto lilitoka harakaharaka kupitia matundu ya juu. Basi nikachukua viroba vya mpunga, nikapanda ngazi, nikayaziba matundu yote kumi na mawili. Hakuna aliyenituma. Ezekia hakuniambia, wala Kibona. Nilikuwa nasikia sauti ya Mama Sekela, na nilikuwa naijibu: si nguo, lakini ni joto, na joto ndilo wanalotaka.

Siku tatu mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Watoto walilala kama mawe. Vichwa viliwauma asubuhi, wakasema ni harufu. Mwalimu Kibona alinisifu mstarini mbele ya shule nzima, akasema hosteli yetu imepata joto la kisasa. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Siku ya nne mvua ilikatika kidogo, na wakulima waliokuwa wamefungiwa na mafuriko wakaleta kokoa yao yote kwa pamoja. Masanduku yakajaa. Ezekia akamwambia Ipyana amwage nyingine sakafuni, lundo hadi kiunoni, na afunike kwa majani. Kisha, ili joto lisipotee, akafunga madirisha ya ghala kwa maturubai. Kokoa mbichi ya siku ya kwanza na ya pili ndiyo inayotoa povu sana, Ipyana alikuwa anajua. Alimwambia, "Mzee, mle ndani hapatafaa kuingia." Ezekia akamjibu, "Usiingie basi. Ingia keshokutwa kugeuza."

Jioni ya siku ya pili tangu lundo limwagwe, Subilaga alirudi kutoka zahanati na vidonge vya malaria. Alikuwa anatetemeka. Nilishika nyayo zake, zilikuwa kama jiwe la mtoni. Vitanda vyetu vilikuwa vya dabodeka, kimoja juu ya kingine, na chake kilikuwa cha juu, karibu na mlango, mahali penye baridi kuliko pote. Mimi nilikuwa na kitanda changu kimoja, cha chini, kilichogusana na lile tundu.

"Njoo ulale kwangu," nikamwambia. "Mimi nitapanda kwako."

"Matroni, utaweza kupanda?" Neema akauliza, na bweni zima likacheka, maana mimi ni mnene.

"Nisukumeni."

Wakanisukuma kweli, wawili chini wanasukuma, mmoja juu anavuta, wote wanacheka. Subilaga naye alicheka akiwa amejifunika. Nikamwambia ageukie ukutani, kichwa akiweke upande wa joto. Neno hilo ni langu. Kichwa akiweke upande wa joto.

Nilipozinduka kulikuwa kumekucha kabisa. Miaka kumi na saba sikuwahi kuamka baada ya watoto. Kichwa kilikuwa kinapasuka, na moyo unakimbia kama nimepanda mlima. Nikasema kutoka pale juu, "Mugonile."

Vitanda vya juu vilijibu kwa kulalamika. Vya chini havikujibu.

Nikashuka, nikaanguka. Pale chini nikivuta pumzi, zinaingia lakini hazisaidii, kama kunywa maji usiondoe kiu. Miguu haikuwa yangu. Neema, ambaye naye alilala juu, aliniona, akaruka hadi mlangoni akaufungua, akaanza kupiga kelele. Ipyana alikuja akivunja madirisha kwa mwiko wa kugeuzia kokoa. Tuliwatoa wasichana kwa kuwaburuta. Wa chini waliokuwa mbali na tundu walitapika, wakaamka. Wawili walipelekwa hospitali hawajitambui, wakarudi baada ya siku kadhaa.

Subilaga alikuwa amegeukia ukutani, kama nilivyomwambia. Alikuwa na joto. Godoro lilikuwa na joto, shuka ilikuwa na joto, mikono yake, hata zile nyayo zilikuwa na joto. Kwa hiyo tulidhani yu hai. Tulimpepea, tukammwagia maji, nikamkanda kifua mpaka jua likawa juu. Nilikataa kumwacha kwa sababu ya nyayo. Nilifundishwa kwamba nyayo hazidanganyi.

Sasa majina. Mzee Ezekia, kabla mtoto hajafikishwa hospitali, aliziba lile tundu kwa saruji. Mwalimu Kibona aliandika kwamba mwanafunzi alikuwa na malaria kali, na akawakusanya wasichana akawaambia, "Mitihani imekaribia, msijichanganye na maneno." Wajumbe wa kamati walikubali wote kwa kuinua mikono. Mimi nilikuwa nimeziba matundu. Ndio sisi watatu, pamoja na kamati, na mimi sijiweki wa mwisho.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyefanya kazi yake, bwana afya kutoka mjini, kijana, hata ndevu hana. Aliona ile saruji mbichi ukutani akauliza ni ya nini. Ipyana akasema, "Ni ya leo asubuhi, mkuu. Jana palikuwa tundu." Kwa maneno hayo alifukuzwa kazi siku ileile.

Bwana afya hakuingia ghalani. Alifungua mlango, akafunga kibatari kwenye mti mrefu, akakiingiza kwa juu. Kiliwaka. Akakishusha polepole kuelekea sakafuni, na kabla hakijafika usawa wa goti kikazimika, bila upepo, kama mtu amekibana kwa vidole. Akakiwasha tena, akakishusha tena. Kikazimika palepale. Wanawake waliokuja kwenye msiba walishika midomo.

"Kokoa ikivunda inatoa hewa ukaa," alituambia. "Haionekani. Ni nzito, ikipoa inakaa chini na kujaa kama maji. Sakafu yao iko juu, yenu iko chini, mkaichimbia mfereji. Juu mkaziba. Ingekwenda wapi?"

Nilijiona kama mtu ambaye nyumba yake imefurika mara mbili, mara ya kwanza kwa mvua, ya pili kwa mikono yake. Na msije mkachukua kibatari kupima vyumba vyenu. Kinaweza kuwaka vizuri huku ninyi mnaumia. Fungueni madirisha tu.

Aliandika ripoti yake mbele yangu, kurasa tatu. Niliambiwa imepelekwa. Sijui imefika wapi. Mimi niliachishwa kazi kwa uzembe, na sikubisha. Mwalimu Kibona alihamishwa kwenda shule kubwa zaidi. Mzee Ezekia ana hosteli mpya sasa, mtaa wa Bondeni, ina dari na feni na rangi ya bluu, na kokoa ameihamishia mahali pengine. Wiki iliyopita nilipita pale nikaomba kuingia, nikijifanya natafutia mjukuu nafasi. Matroni ni msichana mdogo, mwenye heshima. Nilitazama juu. Matundu yapo, ila yamebandikwa nailoni ili vumbi lisichafue rangi. Nikamwomba kiti, nikapanda, nikazitoa zote mbele yake. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia niliwahi kufanya kazi kama yake. Akasema bosi atakasirika. Nikamwambia, "Mwambie ni mimi. Jina langu analijua." Keshokutwa nitapita tena, na wiki ijayo nitapita tena, mpaka wanikamate.

Lipo jambo moja limebaki, nalo siwezi kuliacha.

Msibani sikuthubutu kumsogelea mama yake Subilaga. Ilipita miezi. Siku moja ya Jumamosi, siku ya gulio la vyungu, nikaenda Matema. Nilimkuta nyumbani kwake karibu na maji, anafinyanga. Alinijua. Hakusimama, hakunifukuza. Alinionyesha kigoda kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa na udongo. Nilikaa. Nilikuwa nimejipanga kumweleza yote, tundu, viroba, kubadilishana kitanda, lakini nikaishia kutazama vidole vyake.

Aliendelea kuzungusha ukingo wa chungu kwa kidole kilicholowa. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Usiku ule, mtoto alipata baridi?"

"Hapana, mama," nikasema. "Alikuwa na joto. Alikuwa na joto mpaka asubuhi."

Akatikisa kichwa taratibu kukubali, macho yake yako kwenye udongo.

"Basi ulifanya nililokuomba," akasema.